Fonti za mwandiko zinapogoma: dalili, chanzo na tiba

Nazungumzia zile fonti zinazoiga kalamu: herufi zimelala kidogo, zimeshikana, zina mikia na vitanzi. Edwardian Script, Great Vibes, Snell Roundhand, Zapfino, Alex Brush na ndugu zao. Kwenye kadi za harusi na send-off hazikosekani, na utazikuta pia kwenye vyeti vya mahafali, lebo za udi na manukato, keki, vioo vya saluni na mabango ya kumbi. Ni hizo hizo zinazorudisha kazi dukani: mteja ameshika kadi mkononi, uso umemkunja, na fundi wa kuchapa anasema faili lilikuja hivyo hivyo.

Chanzo karibu siku zote ni kimoja. Herufi ya kawaida hukaa ndani ya kisanduku chake na haijali nani yuko pembeni. Herufi ya mwandiko ni mchoro wa kalamu inayotembea. Inatoka nje ya kisanduku chake, na umbo lake linategemea iliyotangulia na inayofuata. Ukiitumia kama Arial, itakuumbua.

Kabla ya kugusa chochote, fungua faili jipya, andika neno lile lile kwa ukubwa wa pointi 72, rangi nyeusi, bila kivuli, bila kubana wala kutanua. Likitoka vizuri, fonti ni nzima na tatizo liko kwenye mipangilio ya faili lako. Likitoka vibaya hata hapo, ama fonti yenyewe ina kasoro au programu unayotumia haiimudu. Wengi huruka hatua hii, wakabaki kubahatisha mchana kutwa.

Herufi zimeachana

Jina "Mwanaidi" linatoka vipande vipande, kila herufi na kistari chake kinachoning'inia bila kumfikia jirani.

Mshukiwa wa kwanza ni nafasi kati ya herufi. Tumezoea kutanua majina ili yajaze mstari, na kwa herufi kubwa za kawaida inapendeza kweli. Kwa fonti ya mwandiko, tanuo dogo tu linakata kiungo, kwa sababu kile kistari cha kutokea kimechorwa kiishie pale pale kinapoanzia kistari cha herufi ifuatayo. Rudisha nafasi hiyo kwenye sifuri. Canva wanaiita Letter spacing. Kwenye Photoshop na Illustrator iko kwenye dirisha la Character. Kwenye Word bonyeza Ctrl+D, nenda Advanced, hakikisha Spacing ni Normal.

Ikiwa tayari ni sifuri na bado kuna mianya, tazama mahali pa kuchagua jinsi programu inavyopima nafasi kati ya herufi mbili. Programu za Adobe zina chaguo liitwalo Optical. Hapo programu inaviacha kando vipimo vya mchoraji na kukadiria vyake kwa kutazama maumbo. Kwa herufi zilizoachana kimaumbile hukadiria vizuri. Kwa herufi zinazogusana inavuruga kabisa. Weka Metrics au Auto.

Mtego mwingine uko kwenye Word: kuna watu hubonyeza Ctrl+Shift+J wakitaka mstari ujae kutoka ukingo hadi ukingo. Amri hiyo hutawanya hata herufi za ndani ya neno. Weka maandishi katikati kwa Ctrl+E na uyaache hivyo.

Word pia haiwashi yenyewe ufundi wa ndani wa fonti. Ukiwa hapo hapo Advanced, washa Ligatures (herufi zilizochorwa kwa pamoja) na Use Contextual Alternates (maumbo yanayobadilika kufuata jirani). Fonti iliyokuwa inaonekana ya kawaida inaweza kubadilika mbele ya macho yako, maana kumbe maungo yake ya maana yalikuwa yamezimwa muda wote.

Halafu kuna Caps Lock. BW. NA BI. HAMISI kwa Edwardian Script ni msitu wa vitanzi usiopenyeka. Herufi kubwa za fonti hizi zimechorwa kufungua neno na kupokelewa na herufi ndogo. Zenyewe kwa zenyewe haziungani na hazikukusudiwa kuungana. Hapa hakuna mpangilio wa kubadilisha. Andika kwa herufi ndogo zenye kubwa moja mwanzoni. Mteja aking'ang'ania kwamba jina "lionekane kubwa", mwongezee pointi.

Ukimaliza yote hayo na bado kuna mwanya kati ya herufi mbili fulani tu, tuseme w na a, mchoraji hakumaliza kazi. Kwenye programu za Adobe, weka kishale katikati yao, shika Alt na ubonyeze mshale wa kushoto mpaka zigusane. Kwa jina moja inavumilika. Ikibidi ufanye hivyo kwa kila neno, badilisha fonti, usijitese.

Mikia imekatwa

Kichwa cha d au l kimekatwa kwa mstari ulionyooka, mkia wa y umekomea pale fremu inapokomea, au kile kitanzi cha kushoto cha herufi ya kwanza hakipo kabisa.

Tatizo hili ni kongwe kuliko kompyuta. Hermann Zapf, mchora herufi wa Ujerumani aliyezaliwa Nuremberg mwaka 1918, huyo huyo aliyechora Palatino na Optima, alikuwa na ukurasa wa mwandiko wake kwenye daftari la michoro la mwaka 1944. Mwaka 1948 alijaribu kukitengenezea kiwanda cha herufi cha Stempel fonti ya mwandiko, lakini herufi za risasi zikambana. Kila herufi ilikuwa kipande cha metali chenye kingo zake, na mkia unaochungulia nje ya kingo hauna cha kuegemea, hivyo huvunjika kirahisi. Ikabidi mikia ifupishwe. Alingoja mpaka 1998, kampuni ya fonti ya Linotype ilipotoa Zapfino, fonti yenye alfabeti 4 zinazochanganyika na mikia inayokwenda inakotaka. Kwenye kompyuta kisanduku bado kipo, ila ni cha kuhesabia nafasi tu na wino unaruhusiwa kukivuka.

Shida ni kwamba programu nyingi bado zinakata kwa kufuata kisanduku, kana kwamba tungali kwenye risasi.

Kwenye Word, nenda Paragraph utazame Line spacing. Ikiwa ni Exactly, umeshampata mhalifu: Word huchora mstari kwa kimo ulichotaja na kufyeka kinachozidi. Weka Multiple au At least. Ikiwa maandishi yako ndani ya kisanduku cha maandishi, kipanue pande zote nne. Kwa kitanzi cha kushoto kilichopotea, ongeza nafasi tupu moja mbele ya herufi ya kwanza, na nyingine baada ya herufi ya mwisho. Ni ujanja wa kizamani lakini unafanya kazi karibu kila programu. Kwenye tovuti, ongeza nafasi ya ndani kuzunguka kichwa cha habari na uondoe agizo lolote linaloficha kinachozidi fremu. Na kazi ikienda kwa mchapaji, geuza herufi kuwa maumbo. Zikishakuwa maumbo, kisanduku hakina mamlaka tena.

Kuna upande wa pili wa shida hiyo hiyo. Zapfino, kwa sababu ya mikia yake, huja na nafasi kubwa mno kati ya mistari. Unaandika jina la bibi harusi, "na", kisha jina la bwana harusi, na majina yanasimama mbali utadhani wamegombana. Punguza nafasi kwa mkono. Lakini ukipunguza, mkia wa y wa juu utagongana na kichwa cha k cha chini. Hapo usirudi nyuma. Sogeza mstari wa chini kulia au kushoto kidogo mpaka mkia uangukie penye uwazi, au chagua y isiyo na mkia mrefu kwenye dirisha la Glyphs, linaloonyesha maumbo yote ya fonti. Mpangilio wa ngazi, jina la kwanza likianzia kushoto na la pili likiishia kulia, umezoeleka kwenye kadi kwa sababu hiyo hiyo.

Jina lenye ng' limepasuka

Hili ni letu, na miongozo ya Kiingereza hailigusi. Andika Ng'ang'a kwa fonti yenye mikia ya kujichagua. Katika baadhi ya fonti jina linatoka vipande vitatu: "Ng" yenye mkia mrefu unaozunguka, kisha "ang" nayo na mkia wake, halafu "a" iko peke yake mwishoni na kiingilio cha madaha, utadhani inaanza sentensi mpya. Ritifaa zenyewe zinaelea juu, mbali na kila kitu.

Kinachotokea ni hiki. Ndani ya fonti kuna kanuni: herufi ikiwa ya mwisho wa neno ipewe mkia, ikiwa ya kwanza ipewe kiingilio. Baadhi ya wachoraji wameihesabu ritifaa kuwa mpaka wa neno. Kwa Kiingereza kosa hilo halisumbui sana, kwa kuwa mara nyingi baada ya ritifaa hubaki herufi s tu. Kwetu ritifaa ni sehemu ya sauti moja, na majina yanayoibeba ni tele, Nyong'o na Ng'wandu yakiwemo.

Chagua jina hilo peke yake na uzime Contextual Alternates, ukiacha maandishi mengine kama yalivyo. Kama programu inakupa dirisha la Glyphs, chagua g ya kawaida isiyo na mkia na uiweke kwa mkono. Kisha shughulikia ritifaa: weka kishale kila upande wake na uivute kwa Alt na mshale mpaka ikae juu ya kiungo kati ya g na herufi inayofuata, isiwe na chumba chake yenyewe. Ikibidi ipandishe kidogo. Kwa ukubwa wa kadi, g na a zinapaswa kukaribiana chini yake hadi zigusane au karibu zigusane.

Angalia pia ni alama gani hasa iliyoandikwa. Majina ya waalikwa mara nyingi yanatoka kwenye ujumbe wa simu, na humo utakuta alama ya wima iliyonyooka, alama iliyolala kinyume, hata koma iliyopandishwa. Kwa fonti ya Times zote zinafanana ukiwa na haraka. Kwa fonti ya mwandiko ile ya wima inajitokeza kama kijiti. Tafuta zote kwenye orodha na ubadilishe ziwe ritifaa ya mviringo kabla ya kuanza kumimina majina kwenye kadi.

"Mwanangu, hii ni F au T?"

Ni swali la mama mzazi wa bibi harusi, kadi ameisogeza mbali na macho, na kwa adabu zote anataka kujua kwa nini binti yake ameitwa Tatuma.

Katika fonti za mtindo wa Uingereza wa karne ya 17 na 18, herufi F na T zina kofia moja ya mawimbi na shina moja. Kinachozitofautisha ni kistari kidogo cha katikati, ambacho kwa pointi 20 ni kama hakipo. I na J nazo hutofautiana kwa kushuka chini ya mstari tu, kwa hiyo Juma anaweza kuwa Iuma. L na S hukaribiana, na K ya kizembe husomeka R. Herufi ndogo zina yao: z yenye mkia hudhaniwa y, na e iliyobanwa hudhaniwa l.

Usiamini macho yako kwenye hili. Ukishajua jina ni Fatuma, utasoma Fatuma hata ikiandikwa nini. Mpe kadi mtu asiyewajua maharusi, ayasome majina kwa sauti. Akisita, tafuta umbo lingine la herufi hiyo ndani ya fonti, maana fonti nzuri huwa na F mbili au tatu. Kama haina, badilisha fonti, hata kama mteja aliichagua kwa mapenzi. Ni rahisi kumshawishi leo kuliko kadi zikishachapwa.

Kiswahili kina jambo lake jingine hapa. Maneno yetu mengi huanza na M na W: mwaliko, wazazi, mnakaribishwa, mkewe. Katika fonti hizi M na W kubwa ndizo pana kuliko zote, zina milima mitatu au minne na kitanzi cha kuanzia. Ukiandika "Mnakaribishwa Wote Mwanzo Mpaka Mwisho" kwa kuanza kila neno na herufi kubwa, kama wengi wanavyopenda, mstari mzima unakuwa vitanzi vitupu. Weka herufi kubwa moja tu mwanzoni mwa mstari. Neno "na" kati ya majina mawili libaki dogo.

Tarakimu ndizo hatari zaidi. Katika baadhi ya fonti 1 na 7 zinatofautiana kwa kipembe tu, na tofauti ya saa 1 usiku na saa 7 mchana si ya kuchezea. Namba ya simu ya kupokea mchango ndiyo kabisa: mtu akisoma tarakimu moja vibaya, fedha zinakwenda kwa asiyehusika. Mimi naweka majina ya maharusi kwa fonti ya mwandiko, pengine na neno "Mwaliko" juu, basi. Tarehe, saa, ukumbi, namba za simu na majina ya kamati yanakwenda kwenye fonti tulivu ya kawaida. Kadi inapendeza zaidi hivyo, kwa sababu jicho linajua pa kutua.

Herufi inabadilika ninapoendelea kuandika

Si kirusi. Fonti inasubiri kuona jirani kabla ya kuamua umbo. Zapfino ina mfano maarufu: ukiandika jina lake lenyewe, herufi zote 7 zinageuka kuwa mchoro mmoja ulioandaliwa. Ukitaka herufi itulie, zima Ligatures na Contextual Alternates kwa neno hilo.

Kinyume chake nacho ni malalamiko: a mbili za "Saada" zinafanana kama mapacha, na udanganyifu wa mkono unavunjika. Chagua moja, uipe umbo mbadala. Word ina Stylistic sets pale pale Advanced.

Visanduku vitupu, au tarakimu za fonti nyingine

Jina limetoka vizuri lakini "&" imekuwa kisanduku, au mwaka umetoka kwa herufi za Arial katikati ya madaha. Karibu hakika umepakua toleo la majaribio. Wachoraji wengi hutoa bure toleo lenye herufi tu, bila tarakimu, bila alama, wakati mwingine bila maumbo mbadala, na kuuza lililokamilika. Mengi pia yameandikwa kwamba ni kwa matumizi binafsi, na kadi unayolipwa si matumizi binafsi. Soma lile faili dogo la maandishi linalokuja na fonti. Kama bajeti hairuhusu, Google Fonts ina Great Vibes, Alex Brush, Allura, Pinyon Script na Tangerine, zote kwa leseni huria inayoruhusu kazi za biashara.

Kwa mchapaji imegeuka Times

Fonti haisafiri na faili isipokuwa umeiambia isafiri. Snell Roundhand na Zapfino huja na kompyuta za Apple, Edwardian Script huja na Office, na duka la uchapaji huenda halina hata moja. Peleka PDF iliyobeba fonti ndani, au geuza herufi kuwa maumbo: Ctrl+Q kwenye CorelDRAW, Ctrl+Shift+O kwenye Illustrator.

Ukishageuza, hakuna tena kusahihisha tahajia. Kwa hiyo hifadhi faili mbili, moja yenye herufi hai na nyingine ya maumbo, na majina yathibitishwe na familia zote mbili kabla, kwa maandishi. "Halima" na "Haleema" ni watu wawili tofauti kwa shangazi yake.

Nyuzi nyembamba zimepotea kwenye karatasi

Kwenye skrini kila kitu kinang'aa. Kwenye karatasi vimebaki vifundo vinene tu na kati yao hakuna kitu, jina linasomeka kwa kubuni.

Hapa inafaa kujua fonti yako imetoka kwenye kalamu gani. Snell Roundhand, ambayo Matthew Carter aliichora miaka ya 1960 akifuata mwandiko wa Charles Snell, mwalimu wa mwandiko wa Uingereza, inaiga kalamu ya ncha kali. Ukiikandamiza kwa kushuka, ncha inafunguka na mstari unanenepa. Ukipanda bila kukandamiza, unabaki uzi. Edwardian Script na Great Vibes ni za ukoo huo. Zapfino inaiga kalamu ya ncha pana, ambapo unene hutegemea pembe ya ncha, na mara nyingi mistari yake myembamba ina nyama zaidi. Kwa hiyo zikichapwa kwa ukubwa mmoja, ukoo wa ncha kali ndio unaoanza kupotea.

Sasa tafuta kilichoua nyuzi. Cha kwanza ni ukubwa. Fonti hizi zina herufi ndogo fupi sana, hivyo pointi 14 za Great Vibes zinaonekana ndogo kuliko pointi 14 za Times, na uzi wake unakuwa mwembamba kuliko mashine inavyoweza kushika. Wachapaji wengi huomba mstari usishuke chini ya pointi 0.25. Majina ya maharusi yaanzie pointi 30 na kwenda juu. Jina la mwalikwa, ukilazimika kuliandika kwa mwandiko, lisishuke chini ya 20.

Cha pili ni rangi. Dhahabu au zambarau inayotengenezwa kwa kuchanganya wino nne huchapwa kwa vidoto. Uzi mwembamba hauna upana wa kubeba vidoto hivyo, kwa hiyo unatoka umekatika katika, na sahani za kuchapia zikihama kidogo unapata kivuli cha rangi pembeni. Tumia wino mmoja uliojaa: nyeusi tupu, au rangi maalumu iliyochanganywa na mchapaji mwenyewe. Nyeusi ya wino nne ni mbaya kwa sababu hiyo hiyo, hata kama kwenye skrini inaonekana imekolea.

Cha tatu ni maandishi meupe juu ya rangi nzito, kama mbele ya kadi ya bluu iliyokolea. Wino husambaa kidogo kwenye karatasi na kuziba nyuzi nyeupe kutoka pande zote mbili. Ama nenda kwenye fonti nene zaidi, au ongeza mpaka mwembamba sana wa rangi nyeupe kuzunguka herufi, pointi 0.2 hivi, kuzinenepesha kidogo. Foili ya dhahabu ina tabia zake: uzi mwembamba haushiki vizuri na vitanzi vidogo huziba. Mwombe mchapaji kipande cha majaribio chenye jina lenyewe, si sampuli yake ya dukani. Karatasi yenye mikwaruzo au vinyuzi nayo inameza nyuzi kwenye mashine ya leza. Laini ndiyo salama.

Nimeweka bold, imevimba

Fonti nyingi za mwandiko zina unene mmoja tu. Ukibonyeza Ctrl+B, programu inapaka kingo pande zote bila kujua kalamu ilikuwa inakwenda wapi, na vitanzi vinaziba. Ctrl+I kwa herufi iliyokwisha kulala inailaza mara mbili. Kupigia mstari chini kunakata mikia yote. Ukitaka unene, tumia fonti iliyochorwa nene: Snell Roundhand ina Bold na Black, Dancing Script ina unene kadhaa, na mwaka 2003 Zapf na Akira Kobayashi walipoipanua Zapfino waliiongezea Forte, toleo zito lililochorwa upya.

Vitundu vyeupe au mistari kwenye maungio

Umegeuza herufi kuwa maumbo, ukaweka mpaka wa rangi, na sasa kila penye kiungo kuna mstari unaokatiza. Au ukaunganisha maumbo kwa Combine na sehemu zinazopishana zikawa vitundu. Herufi hizi zimepandana makusudi, kila moja ikikalia mkia wa mwenzake. Wakati wa kujaza wino hauoni, ila ukizipa mpaka siri inafichuka. Ziunganishe ziwe umbo moja: Weld kwenye CorelDRAW, Unite kwenye dirisha la Pathfinder la Illustrator.

Kwa wanaokata stika za magari na vioo, hatua hii haina mjadala. Mashine ya kukata haioni rangi, inafuata mistari. Bila Weld itakata kila herufi pekee ndani ya mwenzake, na ukianza kubandua, jina la saluni linakuja na vipande vya pembetatu vilivyobaki kwenye karatasi. Kwa stika pia epuka nyuzi za ncha kali, zitachanika ukibandua. Fonti ya brashi inavumilia zaidi.

Kwenye WhatsApp imekuwa ukungu

Kadi nyingi siku hizi hazigusi karatasi. Ukituma kama picha, programu huikandamiza na nyuzi ndizo za kwanza kufa. Itume kama Document, au tengeneza kadi ya simu tofauti na ile ya karatasi: ya wima, jina kubwa zaidi, fonti yenye nyama zaidi, mandhari tulivu nyuma yake. Itazame kwenye simu ya bei ndogo juani.

Bismillahi imetoka herufi moja moja, tena kinyume

Kwa kadi za Unguja, Mombasa, Lamu na kote wanakoanza na Bismillahi. Mwandiko wa Kiarabu huungana daima, na kila herufi hubadilika kulingana na mahali ilipo. Ukiona zimesimama moja moja na zinasomeka kutoka kushoto, programu haijaandaliwa kwa Kiarabu. Kwenye Photoshop, InDesign na Illustrator tafuta mpangilio wa aya wa lugha za Mashariki ya Kati au World-Ready na uuwashe, na usiongeze nafasi kati ya herufi hata kidogo. Kama ni Bismillahi peke yake, kuna alama moja ya Unicode, U+FDFD, inayobeba maneno yote kwa pamoja. Inakili na uiweke kwa fonti inayoijua, umbo lake litatofautiana kutoka fonti moja hadi nyingine. Vinginevyo tumia mchoro safi wa vekta ulioandikwa na khatati, fundi wa mwandiko wa Kiarabu. Na kabla haijaenda kuchapwa, ipitiwe na mtu anayesoma Kiarabu, kwa sababu nukta moja ikihama juu au chini neno limekuwa jingine, na wewe usiyesoma hutaliona.